Mnyama wa taifa: nani kamteua, amekaa wapi, na maana yake imetoka wapi?

#1 Mchora Ngao

Wadau, ile orodha ya "wanyama wa taifa wa Afrika" imeanza kuzunguka tena kwenye magrupu. Kila nchi na mnyama wake, kila mnyama na neno lake moja: simba nguvu, twiga kuona mbali, tai uhuru. Inaishia kwenye chati za darasani na maswali ya chemsha bongo, na sehemu kubwa hakuna aliyeipima. Naweka hapa namna ya kuipima, wajuzi waongezee.

Kabla hujaandika kwamba mnyama wa taifa wa nchi fulani ni fulani, uliza amekaa kiti gani. Viti viko vitatu. Cha kwanza ni sheria: kuna kifungu kinachomtaja kwa jina. Cha pili ni alama rasmi: yumo kwenye ngao, bendera au fedha, hata kama hakuna kifungu kinachosema "huyu ndiye". Cha tatu ni mazoea: watu wamemzoea, timu imebeba jina lake, shirika la ndege limemchukua, basi. Mnyama mmoja anaweza kukalia viti viwili, na nchi moja inaweza kuweka mnyama tofauti kila kiti. Hapo ndipo orodha zinapojikwaa.

Tuanze nyumbani. Twiga hayumo kwenye Ngao ya Taifa ya Tanzania. Wengi huapa kwamba yumo, lakini chukua barua yoyote ya serikali uitazame. Utaona mwanamume na mwanamke wamesimama juu ya Kilimanjaro, miguuni pao karafuu na pamba, na kila mmoja ameshika pembe ya ndovu. Ndani ya ngao kuna mwenge, bendera, mkuki, jembe na shoka vilivyopishana, na mawimbi. Chini ni utepe wa Uhuru na Umoja. Mnyama pekee aliyefika pale ni tembo, naye amefika kwa pembe tu.

Twiga yuko kiti cha tatu, na amewahi kuegemea cha pili. Ndiye kichwa kilichojitokeza ukiinua noti kwenye mwanga, tangu noti za kwanza za Benki Kuu mwaka 1966. Toleo la 2011 likamweka Mwalimu Nyerere mahali hapo. Amebaki kwenye nembo ya Air Tanzania na kwenye jina la timu ya taifa ya wanawake, Twiga Stars.

#2 Kasuku wa Pwani

Nimekupata mkuu. Sasa hiyo "kuona mbali" ni ya nani? Hadi vitabu vya watoto vinasema twiga alichaguliwa kwa sababu hiyo.

#3 Mchora Ngao

Alichaguliwa kabla ya uhuru, Kasuku. Chini ya Waingereza bendera ya Tanganyika ilikuwa nyekundu, bendera ya Uingereza ikiwa kwenye kona na kichwa cha twiga upande wa pili. Koloni ya Kenya ilikuwa na simba mwekundu aliyeinuka kwa miguu ya nyuma. Uganda ilikuwa na korongo. Twiga, simba, korongo: watatu wote walianza kazi kama beji za kutofautisha koloni moja na nyingine, kama vile chapa ya ng'ombe.

Uhuru ulipofika, kila nchi ikampokea wake na kumpa maana mpya. Kwa hiyo "kuona mbali" ni maana iliyomkuta mnyama keshakaa. Kuifundisha si kosa. Kosa ni kuifundisha kama sababu ya kuteuliwa kwake. Ukiandaa chati, tenga safu mbili: "alivyoingia" na "anavyosomwa leo". Utashangaa safu hizo zinavyotofautiana.

#4 Sheria Mkononi (Nairobi)

Naongezea ya Kenya, kwa sababu huku kiti cha kwanza ni kitupu kabisa. Ibara ya 9 ya Katiba ya 2010 inataja alama za taifa nne: bendera, wimbo, ngao na muhuri wa umma. Hakuna mnyama. Kwa hiyo anayesema simba ni mnyama wa taifa "kwa mujibu wa Katiba" amekosea. Simba ni wa kiti cha pili: wako wawili, wameshika ngao na mikuki, chini yao Mlima Kenya na mazao (kahawa, chai, pareto, mkonge, mahindi, mananasi), na utepe wa Harambee.

Lakini ndani ya ngao yenyewe aliyekaa katikati ni jogoo mwenye shoka. Simba ni walinzi wa mlangoni, jogoo ndiye mwenye nyumba. Huyo jogoo alikuwa alama ya KANU, chama kilichoundwa 1960 na kilichochukua serikali mwaka 1963. Leo mwanafunzi hufundishwa kwamba jogoo ni mapambazuko ya maisha mapya, na ni sawa, jogoo huwika alfajiri. Ila anayetaka kujua kwa nini ni jogoo na si kanga, aanzie kwenye karatasi ya kura.

Jambo la pili ni sarafu. Ibara ya 231(4) inakataza picha ya mtu yeyote kwenye noti na sarafu. Nyuso za marais zikalazimika kuondoka, na Desemba 2018 wanyama wakachukua nafasi: shilingi 1 twiga, 5 kifaru, 10 simba, 20 tembo. Angalia basi, twiga ambaye watu humhesabu kuwa wa Tanzania ndiye yuko kwenye shilingi moja ya Kenya. Mnyama hana pasipoti.

#5 Kasuku wa Pwani

"Aanzie kwenye karatasi ya kura" 😂 Haya, Uganda nani anaijua?

#6 Fundi Skrini (Kampala)

Uganda nitaieleza kwa upande wa uchapaji, maana ndiko makosa yanakoonekana kwa macho.

Bendera ina mistari sita ya kulala: nyeusi, njano, nyekundu, kisha nyeusi, njano, nyekundu tena. Nyeusi ndiyo iko juu. Katikati kuna mduara mweupe wenye korongo taji. Mambo matatu hayana mjadala. Kwanza, korongo hutazama mlingoti. Pili, mguu mmoja umeinuliwa. Tatu, taji la manyoya ya dhahabu lazima lisomeke, la sivyo umechora yangeyange.

Kosa linalotokea kila mwaka ni kwenye bendera ndogo za mkononi. Mchapaji anatengeneza skrini moja (fremu ya kitambaa ya kupigia wino), anapiga upande wa kwanza, anageuza karatasi, anapiga upande wa pili kwa skrini ileile. Upande wa kwanza korongo anatazama kijiti, wa pili anakipa kisogo. Dawa yake: filamu ya upande wa pili igeuzwe iwe kama taswira ya kwenye kioo kabla hujachoma skrini. Kabla ya kupiga elfu moja, piga mbili, zibandike kwenye kijiti, zungusha. Korongo akikitazama kijiti pande zote, endelea.

Mguu ule ulioinuliwa husomwa kuwa nchi inapiga hatua, haijasimama. Kuna wachoraji humshusha miguu yote miwili kwa sababu skrini ndogo hula mstari mwembamba wa mguu uliokunjwa. Afadhali unenepeshe mstari kuliko kumshusha mguu. Ukishamshusha, umefuta maana yote.

Kwenye ngao korongo hayuko peke yake. Yuko na swala anayeitwa kob, mmoja kila upande. Na wale wanaosema korongo alipendwa kwa kuwa hakuwa wa ukoo wowote, Buganda kuna ukoo wa Ng'aali, na ng'aali ndiye huyohuyo korongo taji. Kinachoshangaza zaidi ni ustahimilivu wake. Machi 1962, chini ya serikali ya chama cha DP, kulikuwa na bendera nyingine kabisa, nayo ilikuwa na korongo. Chama cha UPC kikashinda uchaguzi, rangi zikabadilishwa zote kabla ya tarehe 9 Oktoba, ndege akabaki. Sasa yuko kwenye orodha ya walio hatarini kutoweka tangu 2012, kwa sababu hutaga kwenye maeneo oevu, nayo yanakaushwa yageuzwe mashamba.

#7 Mfasiri

Hapa niingilie kwa lugha, kwa sababu nusu ya makosa ya orodha hizi ni ya tafsiri.

Kob si kongoni. Kongoni ni mwingine, yule mwenye uso mrefu na mgongo ulioteremka. Nimeona "kongoni wa Uganda" mara nyingi mno. Kama jina halijulikani kwa wasomaji wako, andika "swala aina ya kob" na uendelee.

"Tai" ndilo neno gumu kuliko yote. Kiswahili cha kila siku huliweka juu ya ndege anayewinda na yule anayengoja mzoga. Ukiandika "ndege wa taifa wa Zambia ni tai", mtoto wa Dodoma anaweza kumwona tumbusi. Wa Zambia ni furukombe, yule wa kando ya maziwa, kichwa cheupe, mlio unaosikika ng'ambo. Yuko kwenye bendera yao tangu Oktoba 1964, rangi ya chungwa, upande ulio mbali na mlingoti. Furukombe huyohuyo yuko kwenye ngao ya Namibia na ya Sudan Kusini. Wa Marekani ni jamaa yake wa karibu, ndiyo maana watu huwafananisha. Wa Umoja wa Falme za Kiarabu si tai wala furukombe, ni kipanga.

Mnyama wa Uskoti ni farasi wa hadithi mwenye pembe moja, hayupo popote duniani isipokuwa kwenye ngao. Watafsiri wa Biblia walikutana naye zamani: kwenye Zaburi 92:10 Kiingereza cha kale kina huyo wa pembe moja, Kiswahili kina nyati. Kwa Biblia ni sawa. Lakini msiandike kwamba mnyama wa Uskoti ni nyati.

Na mnyama wa India ni chui milia. "Simba milia" hayupo.

#8 Dada wa Bunia

Jambo kwenu. Kwetu Kongo viti vya Mchora Ngao vinaonekana vizuri kabisa, kwa sababu sheria na mazoea kila kimoja kina mnyama wake.

Kwenye sheria ni chui. Ibara ya 1 ya Katiba ya 2006 inaeleza ngao kwa maneno: kichwa cha chui, kushoto na kulia kwake ncha ya pembe ya ndovu na mkuki, vyote juu ya jiwe. Ibara hiyohiyo ndiyo inayotaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa pamoja na Kikongo, Kilingala na Kichiluba, kwa hiyo sisi na chui tuko ukurasa mmoja. Chui alikuwa kwenye ngao ya Zaire pia, na kofia ya Rais Mobutu ilikuwa ya ngozi yake. Utawala ulipoanguka 1997 alama zikabadilishwa, lakini chui akarudi. Timu ya taifa inaitwa Chui.

Kwenye mazoea ni okapi. Haonekani kwenye ngao wala bendera. Yuko kwenye nembo ya taasisi ya hifadhi, ICCN, na jina lake ndilo la Radio Okapi, iliyoanza 2002 na kutangaza kwa lugha zetu, Kiswahili kikiwemo. Nguvu yake ni kwamba porini haishi nchi nyingine yoyote. Chui yuko Afrika nzima hadi Asia. Okapi ni wa msitu wetu tu.

Makosa ya wachoraji: wanamfanya punda milia wa kahawia. Milia iko kwenye mapaja na miguu tu, mwili ni kahawia iliyokolea inayong'aa kama imepakwa mafuta. Yeye ni ndugu wa twiga. Tazama ulimi mrefu wa rangi ya samawati iliyoiva, na vipembe vifupi vilivyofunikwa ngozi, ambavyo ni vya dume peke yake. Ukichora mwenye pembe akiwa na mtoto anayenyonya, umeharibu. Hifadhi yake ya Ituri, kuzunguka Epulu, iliingia urithi wa dunia 1996. Tangu 2013 naye yuko kwenye walio hatarini.

#9 Baharia wa Maskati

Assalaam alaykum. Uzi mzuri. Niwaletee choroa wa Uarabuni (swala wa jangwani mwenye pembe ndefu), kwa Kiarabu al-maha. Nchi kadhaa za Ghuba zinamdai: Qatar wamemweka hadi kwenye ndege zao, na Oman na Imarati (Falme za Kiarabu) nao humhesabu wao. Ngao ya Oman lakini haina mnyama. Ni jambia na panga mbili zilizopishana. Kwa hiyo kwetu choroa ni kiti cha tatu.

Huyu ni mfano mzuri wa mnyama ambaye heshima ya taifa haikumkinga. Wa mwisho wa porini aliuawa mwaka 1972, Oman, uwanda wa Jiddat al-Harasis, kwa bunduki na magari yanayokimbia jangwani. Bahati ni kwamba miaka ya 1960 wachache walikuwa wamekwisha kukusanywa na kupelekwa bustani ya wanyama ya Phoenix, Marekani, kundi lililoanza na tisa tu. Kizazi chao kikarudishwa Oman 1982. Hifadhi ikaingia urithi wa dunia 1994, na kufika 1996 walikuwa kama 450.

Kisha majangili wakarudi, safari hii wakiwataka hai wakawauze kwa wafugaji binafsi. Wakashuka hadi 65. Oman ikapunguza eneo la hifadhi kwa asilimia 90, na 2007 UNESCO ikalifuta kwenye orodha. Hapakuwahi kufutwa eneo lolote kabla ya hapo. Hata hivyo kwa ufugaji na kurejeshwa nchi mbalimbali, 2011 choroa akapandishwa daraja kutoka "hatarini" hadi "anayeweza kudhurika", wa kwanza kufika huko baada ya kutoweka kabisa porini.

Maana yake kwa Waarabu ni ya kale kuliko mataifa haya: uzuri. Washairi humfananisha mwanamke mwenye macho makubwa na al-maha, kama sisi tunavyosema shingo ya twiga.

#10 Nyota ya Rutana

Burundi na Rwanda mmeziruka, au ndiyo udogo wetu?

#11 Mchora Ngao

Hapana ndugu yangu. Burundi: kichwa cha simba ndani ya ngao, mikuki mitatu nyuma yake. Timu lakini si simba, ni Intamba, yaani mbayuwayu. Rwanda: ngao ya 2001 haina mnyama hata mmoja; ina kikapu, mtama, kahawa na gurudumu la meno. Orodha nyingi huwawekea chui, kiti cha tatu, na timu yao ni Amavubi, nyigu. Ukikuta nchi isiyo na mnyama kwenye alama zake, andika "hakuna". Usimtafutie.

#12 Kasuku wa Pwani

Marekani je? Na kuna anayebishana nami kwamba kwenye nembo yao tai ameshika mishale mkono wa kulia.

#13 Mchora Ngao

Hilo ni tatizo la kulia na kushoto, na linawaangusha hata walimu. Kwenye ngao, kulia ni kulia kwa aliyeibeba, si kwako unayeitazama. Jifikirie uko nyuma ya ngao, umeishika. Kwa hiyo "kulia kwa ngao" ni kushoto kwako msomaji. Tai wa Marekani ameshika tawi la mzeituni kwa ukucha wake wa kulia, wewe utaliona kushoto. Mishale 13 iko ukucha wake wa kushoto. Kichwa kimegeukia mzeituni. Anayebishana nawe ametazama picha sawasawa, ila ameisoma kwa mkono wake badala ya mkono wa ndege.

Kanuni hiyo inatumika kote. Simba wa Uingereza yuko kulia kwa ngao, yule wa pembe moja kushoto. Kanguru wa Australia kulia, emu kushoto. Kob wa Uganda kulia, korongo kushoto. Kwenye chati ya watoto andika "kushoto kwako unapotazama", usitumie "kulia" bila kueleza.

Na viti vya Marekani vinafurahisha. Tai yuko kwenye muhuri tangu tarehe 20 Juni 1782, lakini sheria ya kumtaja kuwa ndege wa taifa ilitiwa saini Desemba 2024. Miaka 242 kwenye kiti cha pili bila kupewa cha kwanza. Nyati wao, baisani, alimtangulia: sheria ya Mei 2016 ilimfanya mnyama wa taifa anayenyonyesha. Benjamin Franklin mwenyewe, mmoja wa waasisi wa Marekani, hakumpenda tai. Barua yake ya 1784 kwa binti yake inamwita mwoga na mpora samaki wa wenzake. Ukimtazama furukombe akimpora mnandi ziwani, utamwelewa mzee.

#14 Sheria Mkononi (Nairobi)

India msiisahau, ndiyo nchi iliyobadilisha mnyama waziwazi. Nembo yao, iliyopitishwa 26 Januari 1950, ni simba wanne wa mfalme wa kale Ashoka kutoka Sarnath, wamepeana migongo, ndiyo maana kwenye picha wanaonekana watatu. Mnyama wa taifa naye alikuwa simba. Miaka ya mwanzo ya 1970 wakamwondoa, wakamweka chui milia, na tarehe 1 Aprili 1973 mradi wa kumwokoa ukaanza na hifadhi tisa. Simba wa Asia amebaki Gujarat tu, chui milia yuko majimbo mengi. Lakini nembo haikuguswa. Hivyo pasipoti ya Mhindi ina simba na hotuba za mazingira zina chui milia, na hakuna kosa.

Na jogoo wa Ufaransa? Naye ni wa KANU? 😄

#15 Mfasiri

Wa Ufaransa alianza kama mzaha wa lugha. Kwa Kilatini *gallus* ni jogoo na pia ni mtu wa Gaul, nchi iliyokuja kuwa Ufaransa. Wenyewe wakaugeuza mzaha kuwa fahari. Napoleon alipopendekezewa jogoo 1804 alimkataa, akaona hana nguvu, akachukua tai. Tai akaondoka na Napoleon, jogoo yuko kwenye jezi mpaka leo. Kiti cha tatu, kwa mujibu wa Mchora Ngao.

#16 Kasuku wa Pwani

Nimeelewa. Nionyesheni basi safu moja iliyojazwa, nizifuate nyingine.

#17 Mchora Ngao

Chukua Botswana, ni rahisi. *Mnyama:* punda milia. *Kiti:* cha pili. Wawili wanashikilia ngao, mmoja na pembe ya ndovu, mwingine na mtama. Timu pia ni Zebras. *Alivyoingia:* ngao ya uhuru, 1966. *Anavyosomwa leo:* weusi na weupe katika ngozi moja, sawa na mstari mweusi wenye kingo nyeupe kwenye bendera. *Angalizo la mchoraji:* neno kwenye utepe ni Pula, yaani mvua, si jina la fedha pekee.

#18 Fundi Skrini (Kampala)

Sahihisho dogo kwa #13. Mkuu, kwenye nembo ya Uingereza inayotumika Uskoti wanabadilishana: wa pembe moja anahamia kulia kwa ngao, simba anakwenda kushoto. Mwenye kuchapa aulize kwanza kazi inakwenda London au Edinburgh.

#19 Mchora Ngao

Kweli kabisa, ahsante. Uskoti huwa wanamvika yule wa pembe moja taji pia, na mnyororo wake hauachwi.